Barua ya Bosi

Kanada hawakutaki wewe, wanataka alama zako. Tangu Januari 2015 wana mfumo wa kuchagua wahamiaji uitwao Express Entry: unajaza taarifa zako, kompyuta inakujumlisha, na jumla ya juu kabisa ni 1,200. Umri una alama zake, elimu ina zake, lugha ina zake, kazi ina zake. Mseja mwenye miaka 20 hadi 29 huzawadiwa 110 kwa umri peke yake. Akitimiza 30, zinabaki 105. Siku nilipotimiza mimi, mama alinipikia pilau, majirani wakaimba, nami nikawa nawaza zile tano.

Ukiitwa, unapewa siku 60 upeleke ushahidi wa kila ulichojaza. Hapo ndipo utajua kwamba mtaa mzima unakufahamu lakini karatasi hazikufahamu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Abdalla, cha kidato cha nne Abdallah, kitambulisho cha taifa kikaamua Abdala. Wakili mmoja Kariakoo alinichapia kiapo kwamba wote watatu ni mimi, akagonga muhuri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini una uhakika?"

Hayo madogo. Kasheshe ilikuwa barua ya kazi.

Wanataka barua yenye nembo ya kampuni na sahihi ya bosi, itaje cheo, mshahara, saa za kazi kwa wiki na majukumu yako. Mimi ni mhasibu wa duka la mbao na vifaa vya ujenzi. Bosi wangu, mzee mwenye huruma na miwani iliyofungwa kwa waya, aliandika palepale kaunta: "Huyu kijana namfahamu. Hajawahi kuiba. Anatoka kwa watu. Naomba asaidiwe." Akagonga muhuri mara mbili, mmoja wa akiba.

"Mzee wangu," nikamwambia, "wanataka majukumu."

"Kutoiba si jukumu?"

Tukaanza upya. Kufunga hesabu za mwezi, akasema, sawa. Kukagua stoo, sawa. Kuwasha jenereta. Kumfuata mjukuu wake shuleni. Kumtuliza fundi aliyeuziwa misumari yenye kutu. Kila nilipotaka kukata kitu alinikazia macho: "Kwani hukufanya?" Nilifanya, tena yule fundi alikuwa na nyundo.

Mshahara akagoma kuutaja. "Karatasi ina miguu, kijana. Leo iko Kanada, kesho iko kwa watu wa mapato." Tukahamia kwenye saa. Akaniambia niandike 66 kwa wiki, na Jumapili za kuhesabu mali zitajwe pembeni. Nikamweleza kuwa Kanada wanahesabu 30 tu kwa wiki, zinazozidi hazina alama.

Mzee akavua miwani. "Sasa zile nyingine zimekwenda wapi?"

Kwa kuwa aliandika Kiswahili, ilibidi itafsiriwe, na ndugu haruhusiwi kutafsiri. Dada yangu anafundisha Kiingereza sekondari. Alikaa pembeni akimsahihisha mfasiri kwa macho.

Shangazi naye aliposikia wanataka kuona fedha benki, akajitolea kuniwekea za kikoba. "Naweka Ijumaa, wanaangalia, Jumatatu unanirudishia." Nikamwambia haziruhusiwi kuwa za mkopo, tena benki inaandika wastani wa salio la miezi sita. Akanyamaza, akafunga khanga yake vizuri. "Hao wanatafuta mfanyakazi au mkwe?"

Nilirudi kwa bosi na barua iliyochapwa, majukumu ya mhasibu peke yake, jenereta nje. Aliisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari. Kwenye mshahara kidole kilisimama kidogo, kikapita. Kabla ya kutia sahihi akauliza, kama mtu anayeulizia nauli, "Mimi wangenipa ngapi?"

"Kwa umri, mzee? Kuanzia 45 ni sifuri."

"Sifuri?" Akageuka kutazama mbao zilizoegemezwa ukutani, zile za mninga zilizokaa miaka, ambazo hamshushii mtu bei hata kwa machozi. Akatia sahihi, akagonga muhuri mmoja, hakuongeza wa akiba.

"Basi hao," akasema, "hawajawahi kununua mbao."