Mate ya Mavyaa

Amri ya kupiga nazi marufuku nyumbani kwetu Msambweni ilitoka Hamburg, kwa sauti ya WhatsApp, ikanikuta nimekalia mbuzi nakuna. Wifi yangu, aliyeolewa huko Ujerumani, alikuwa amepokea majibu ya vinasaba vya mamake. "Wifi, nakuomba, nazi basi. Jeni za mama hazitaki kabisa." Mavyaa alikuwa barazani anachambua mboga ya mtsunga. Mtsunga bila tui, kwa mtu aliyezaliwa Kwale, ni kifungo bila faini.

Vifaa vyenyewe wifi alikuja navyo likizo: vichupa vya plastiki, kimoja cha mamake, kimoja cha nduguye, yaani mume wangu, na kimoja cha shemeji yetu aliyemuoa wifi mdogo, mtu wa wafugaji wa Kajiado, mhasibu wa hoteli moja ya Diani. Unatema mate mpaka kwenye mstari, unafunga, yanakwenda maabara Ulaya, kisha wanakwambia mwili wako unafaa kula nini. Masharti: nusu saa kabla usile, usinywe, usitafune kitu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mavyaa na tambuu hawaachani. Mate ya kwanza yalitoka mekundu kwa popoo na katu, wifi akayamwaga uani akilalamika. Mama akasukutua, akakalishwa kwenye kiti, akalindwa kama mtahiniwa. Alipojaza mpaka mstarini akaambiwa mapovu hayahesabiwi, aendelee.

"Nywele, kucha na mate," akasema huku akifuta kidevu kwa ncha ya leso, "mama yangu alinikataza kumpa mtu hata wa nyumba ya pili. Nyinyi mwavipeleka posta."

Majibu yalisomwa kwa simu, familia nzima imekusanyika sebuleni. Mume wangu akaambiwa mwili wake huchelewa kuisafisha kahawa. Jambo hilo mimi nalijua tangu tuoane, kwa namna anavyogaragara usiku kila akitoka kwenye kahawa tungu ya kina mzee pale sokoni. Shemeji akaambiwa hawezi maziwa: yatamfurisha tumbo, ayaache, atafute ya lozi. Wakati huo ameshika glasi ya maziwa freshi, ya pili tangu afike. Alicheka hadi akaiweka chini. Akampigia babake Kajiado ampe habari, tukamsikia mzee kule naye akicheka.

Shemeji si mtu wa kuacha hesabu isiyolingana, akaifuatilia. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na kimeng'enya cha kuivunja, laktasi, hupungua kwa watu wengi wakishatoka utotoni. Wanaobaki nacho ukubwani wana herufi moja iliyobadilika kwenye vinasaba vyao. Herufi ya watu wa Ulaya ilitambuliwa na watafiti wa Ufini mwaka 2002, iko hatua 13,910 kabla ya mahali jeni ya laktasi inapoanzia. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake wakachapisha matokeo ya Wakenya, Watanzania na Wasudani 470 wa makabila 43, wakaonyesha kwamba wafugaji wa huku wana herufi yao wenyewe, kwenye hatua ya 14,010. Wafugaji wa Ulaya na wafugaji wa Afrika Mashariki walifika kwenye jambo lile lile kwa njia mbili. Kampuni ya wifi ilikuwa imechungulia 13,910 peke yake, haikukuta kitu, ikaandika hawezi.

"Ndiyo kusema," mavyaa akauliza, "wamebisha nyumba ya jirani, wakaambiwa huyo mtu hayupo hapa, wakaenda kuandika amekufa?"

Ndiyo, mama. Kwa hatua mia moja.

Lakini maziwa ya shemeji hayakuiokoa nazi. Wifi aliagiza kutoka huko huko tununue mafuta ya zeituni, brokoli kutoka supamaketi ya Diani, na mbuzi ifichwe juu ya kabati. Mavyaa alikula wali mweupe kwa adabu, akasema alhamdulillahi, akasogeza sahani. Ikikaribia magharibi anatoka kwenda kumjulia hali jirani, ambaye ghafla alikuwa mgonjwa kila siku, na akirudi kanga yake inanukia mchuzi wa papa. Mimi nikajifanya sina pua.

Tusimwonee wifi: mafuta ya nazi kweli yamejaa mafuta yaliyoshiba, aina inayopandisha kolesteroli, na mtu mzima hana budi kuyapunguza. Ila hilo daktari yeyote angelisema bila kumtemesha mzee mate. Chuo Kikuu cha Stanford kilifuata watu wazima 609 wenye uzito uliozidi kwa mwaka mzima, wengine wakipunguza mafuta, wengine wanga. Matokeo yalitoka 2018: jeni walizopima hazikusaidia kujua nani angefaidika na mlo upi. Nilimtumia wifi. Alinijibu kwa kidole gumba.

Mavyaa alikuwa na swali jingine ambalo hakuna aliyemjibu vizuri: mate yake yako wapi sasa? Machi 2025 kampuni ya Marekani ya 23andMe, yenye wateja zaidi ya milioni 15, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na taarifa za vinasaba vya watu zikawa sehemu ya mali inayotafutiwa mnunuzi. Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa hizo katika kundi la taarifa nyeti. Mkataba wa Hamburg, nijuavyo mimi, mama aliukubali kwa kidole cha wifi.

Kilichotutoa kwenye vita vya nazi ni goti la mavyaa. Lilimuuma, nikampeleka zahanati, na muuguzi, kwa kuwa mama alilalamika pia kiu na kuamkaamka usiku, akamchoma kidole. Tone moja la damu, kijimashine kidogo, na jibu kabla hajamaliza kuguna: sukari iko juu. Kwenye ripoti ya mate, ukurasa wa sukari ulikuwa umeandikwa "hatari ya kawaida".

"Bibi, chai unatia vijiko vingapi?"

"Kikombe kipi?"

"Cha asubuhi."

"Asubuhi na mahamri, au asubuhi baada ya mahamri?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. Wakajadiliana kama watu wa sokoni, wakashuka kutoka sita mpaka kimoja, mahamri yakawa ya Ijumaa, na muuguzi akataja nazi kwa kupita tu: tui jepesi, kidogo. Mavyaa akanigeukia papo hapo. "Umesikia? Nazi amesema."

Mbuzi imeshuka kabatini. Wifi naye hajakaa: majuzi ametuma picha ya kisanduku kipya, hiki cha kupima vijidudu vya tumboni, na kinachotakiwa mara hii si mate. Nilimweleza mavyaa taratibu, kwa maneno ya heshima. Akatafuna tambuu yake mpaka akaimaliza.

"Mwambie mwanangu hicho hakipandi ndege. Akikitaka, aje mwenyewe na kijiko."