Namna ya Kuwa na Bakapu Tatu na Kukosa Data

Ukitaka hifadhidata yako ipotee kwa heshima, usiache kufanya bakapu. Hiyo ni njia ya wavivu, na mkaguzi atakunasa asubuhi hiyo hiyo. Fanya bakapu nyingi, kwa programu tofauti, na hakikisha wanaozisimamia hawasalimiani.

Tuchukue SQL Server ya Microsoft, ndiyo iliyonikomaza. Mtu wa hifadhidata apange ratiba yake: nakala kamili Jumapili, nakala ya mabadiliko kila usiku, logi kila robo saa. Mtu wa seva naye, bila kuuliza, alete programu inayonakili mashine nzima. Kisha meneja arudi na ya tatu kutoka semina, maana semina haiendi bure. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini wahenga hawakuwahi kuuziwa leseni.

Sasa kaa utazame. Logi ni daftari la duka, kila muamala na mstari wake. Programu ikishanakili logi, seva huona kurasa hizo zimeshahifadhiwa na kuzifuta ili ipate nafasi. Robo saa hii anabeba huyu, robo saa ijayo anabeba yule. Asubuhi ripoti zote ni za kijani, na hakuna anayedanganya: kila mmoja amefaulu kubeba nusu ya daftari. Siku ya kurejesha utatoka ukurasa wa nne uangukie wa sita, na seva itagoma kwa kosa namba 4305.

Nakala ya mabadiliko nayo ina mama mmoja tu, yaani nakala kamili iliyoitangulia. Programu ya mashine ikipiga nakala kamili Jumatatu usiku bila chaguo la COPY_ONLY, mtoto wa Jumanne hamtambui tena mama wa Jumapili. Hilo ni kosa namba 3136.

Ndivyo tulivyokesha katika chama kimoja cha akiba na mikopo, nisichokitaja kwa kuwa bado wananidai. Mama mhasibu alikaa nyuma yangu, pochi mapajani.

“Mwanangu, si ulisema tuna bakapu tatu?”

“Tunazo, mama.”

“Basi lete moja.”

Moja ndiyo sikuwa nayo.

Ukifika hapo, ingia msdb, soma jedwali la backupset pamoja na backupmediafamily, upange kwa first_lsn. Utaona nani alibeba nini, saa ngapi. Mahali pa jina la faili ukikuta msururu wa herufi na tarakimu usioeleweka, huenda huyo ndiye mgeni, na mzigo wake utautoa kwa programu yake mwenyewe. Vipande vya wote vikirejeshwa kwa mfuatano, kwa NORECOVERY mpaka cha mwisho, daftari huungana. Letu liliungana hadi saa tisa alasiri. Kipande kilichofuata, programu ya semina ilikuwa imekifuta ili kuokoa nafasi.

Msidhani ni ushamba wetu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walikuwa na njia tano za kujikinga, na hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Mojawapo ilitumia programu ya kunakili, pg_dump, ya toleo la 9.2 kwenye hifadhidata ya toleo la 9.6, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kuarifu hitilafu zikawa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, takriban saa 6 kabla.

Kama umaarufu wa namna hiyo huutaki, programu moja imiliki logi, nakala kamili za nyingine zote zipigwe kwa COPY_ONLY. Na Ijumaa hii, kabla hujafunga ofisi, rejesha nakala moja kwenye seva ya majaribio. Ukikutana na 4305, nipigie. Chai nitakuja nayo.