Paka Hana Wakili

Ukianza kupiga chafya Buswelu, waganga wa bure hawakosekani. Mwenye duka atasema ni vumbi la barabara, bodaboda atakushauri utafune tangawizi mbichi, na mwenye nyumba atasema ni baridi ya asubuhi, alimradi isiwe nyumba yake. Chafya zangu zilikuwa za alfajiri, za mfululizo, pua ikiwasha na macho yakitoa machozi. Jirani yangu, mzee wa Kisukuma mwenye adabu zake, alinisalimu "Mwangaluka" kupitia kwenye ua wa minyaa, nikamjibu kwa chafya. Akasubiri, akarudia salamu. Ikatoka nyingine. Jioni nikasikia mtaani kwamba siku hizi nina dharau.

Neno aleji lililetwa kwetu na dada wa duka la dawa. Aliniuliza kama nina homa, nikasema sina. Macho yanawasha? Yanawasha. Akanipa setirizini, na wakati anahesabu chenji akauliza, "Kwani nyumbani mnafuga?" Nikarudi na swali hilo, amani ikaishia hapo.

Tunafuga paka mmoja, mbwa aitwaye Simba ambaye radi ikipiga hujificha chini ya kitanda, njiwa wa kijana wangu, na kuku wa kienyeji ambao idadi yao hupungua kila akija mgeni. Niliita watu sebuleni, nikaeleza kwamba huenda mmoja kati ya viumbe hawa ndiye anayenisumbua. Nilidhani tutashauriana. Kumbe kila mtu alikuwa na mnyama aliyemwekea kinyongo siku nyingi, na chafya zangu zilimpa nafasi. Mama watoto alimtaja paka, kwa sababu ya sato aliyeburutwa kutoka kwenye sufuria siku ya wageni, kikabaki kichwa. Dada wa kazi alisema ni kuku, na ndiye anayefagia baraza. Shemeji alimtaja Simba, aliyemchania suruali ya harusini. Mimi nilikuwa na neno na njiwa, maana Jumapili hawaniachi nilale. Kijana, kwa kuwanusuru njiwa wake, akaushitaki mkaa wa jikoni.

Hukumu ikamwangukia paka. Alitiwa kwenye kiroba, akapandishwa pikipiki, akapelekwa kwa shangazi Kisesa. Usiku ule nikapiga chafya. Kesho yake vilevile, na wiki ikakatika hivyo hivyo. Panya ndio waliopata nafuu. Walianza kukatiza sebuleni mchana kweupe, bila haraka, na mfuko wa mchele ukatobolewa pembeni, tundu la duara safi kabisa.

Daktari wa zahanati aliposikia habari ya Kisesa alicheka kwanza, ndipo akanifungulia darasa. Wengi hudhani tatizo ni manyoya. Kinachosumbua hasa ni protini iliyomo kwenye mate ya paka na kwenye tezi za ngozi yake. Paka akijilamba, protini hiyo hubaki kwenye manyoya, ikikauka hupeperuka pamoja na magamba madogo mno ya ngozi, kisha hunata kwenye makochi, mapazia na nguo. Unaweza kumwondoa paka leo, na vumbi lake likakaa ndani kwa miezi. Kwa hiyo safari ya Kisesa haikumtia paka hatiani wala kumsafisha. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha ngozi: unadondoshewa matone ya vitu mbalimbali mkononi, kila tone linachomwa kidogo, na baada ya robo saa hivi panapovimba na kuwasha ndipo penye mtuhumiwa. Dawa za aleji huachwa siku kadhaa kabla, la sivyo zinaficha majibu.

Zahanati haikuwa na kipimo hicho, ila ilikuwa na maswali. Chafya zinaanza saa ngapi? Ukiwa chumba gani? Ukilala kwingine hali inakuwaje? Hapo nikakumbuka harusi ya Sengerema. Tulivuka daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, tukalala kwa ndugu mwenye paka watatu, na mmoja wao alikesha kifuani kwangu. Niliamka pua kavu.

"Na nyumbani unalalia nini?" akauliza daktari.

Nikanyamaza. Nyumbani nalalia mto wa sufi, mnene, mzito, wenye foronya iliyotariziwa maua mekundu na maneno "Karibu Mkwe". Ni zawadi ya mama mkwe ya siku ya harusi. Haukuwahi kuanikwa juani, kwa heshima.

Daktari akanitajia utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, jamaa wa kupe na buibui. Hula magamba ya ngozi tunayopukutisha, hupenda joto na unyevu, na kinyesi chao ndicho kinachowasha pua. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walishawabaini tangu miaka ya 1960. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi huwaua. Mto wa zamani ni bora kuutoa.

Nilipofikisha taarifa nyumbani, sebule ilipoa. Mama watoto, aliyemfukuza paka kwa ushahidi wa samaki mmoja, sasa alitaka vielelezo. Shemeji akakumbuka ana safari. Baada ya mazungumzo marefu tukapata suluhu: sufi ikaenda stoo, foronya ikafuliwa kwa maji ya moto na kuvishwa mto mpya wa sponji. Chafya zimepungua sana. Paka amerudishwa, ila chumbani haingii hadi nitakapopima ngozi. Mama mkwe alipokuja, aliupigapiga mto ule akasema, "Mnaona? Vitu vya zamani haviharibiki." Tukaitikia wote.

Nawe unayewashwa pua alfajiri, kabla hujatafuta kiroba, andika kwa wiki mbili saa, chumba na unachokuwa ukifanya chafya zinapokuja, kisha umpelekee daktari. Kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hilo si la mzaha. Na kama mto wako ulitoka ukweni, badilisha cha ndani, foronya usiiguse.