Lenzi Ikikosea, Konea Huchongwa

Presbiopia ni hali ya jicho kupoteza, kwa sababu ya umri, uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Huanza kati ya miaka 40 na 45, na humpata profesa na mpiga debe bila upendeleo. Nyuma ya mboni kuna lenzi laini. Mtu akitazama kitu cha karibu, misuli inayoizunguka hukaza, nyuzi zinazoishikilia hulegea, nayo hutuna. Miaka inavyopita lenzi hiyo hukakamaa na kugoma kutuna. Mtoto wa miaka 10 huona vizuri hata kitu kilicho kama sentimita 7 kutoka usoni. Akivuka arobaini kidogo, umbali huo hufika kama sentimita 25, na kwenye sitini hukaribia mita moja, urefu ambao mkono wa binadamu haukujaliwa.

Mwenye hali hii mara nyingi ndiye wa mwisho kuitambua. Lawama huanzia kwenye balbu, huhamia kwa watengenezaji wa simu, kisha huwaangukia wachapaji wa vitabu. Huku nyuma maisha yanaendelea kwa hasara ndogo ndogo. Msoma somo kanisani hutangaza waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilisti. Fundi cherehani huita mtoto wa jirani amtungie uzi, akidai anataka kumfundisha kazi. Bafuni, dawa ya kuchua viungo hufanana na dawa ya meno mpaka inapofika mdomoni. Na anayetuma pesa kwa simu husoma 3 penye 8, mtu asiyemjua huko Tabora akapokea karo ya mtoto asiye wake. Ni baada ya ajali ya namna hii ya mwisho ndipo wengi huanza kuulizia upasuaji wa macho kwa leza.

Leza yenyewe ina historia isiyo na makuu. Mwaka 1981, katika maabara ya IBM jimbo la New York, Rangaswamy Srinivasan alichukua mabaki ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani akayapiga kwa leza ya eksaima. Mwale ulichonga bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel walionyesha kwamba mwale huohuo unaweza kuchonga konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Miaka michache baadaye, katika kisiwa cha Krete, Ioannis Pallikaris aliongeza hatua ya kufungua kwanza utando mwembamba wa konea, leza ikachonga chini yake, kisha utando ukarudishwa. Hiyo ndiyo LASIK. Konea ina unene wa takriban nusu milimita, na kinachoondolewa hupimwa kwa maikroni. Leza hufanya kazi yake kwa sekunde chache tu kwa kila jicho. Muda mwingi huishia kwenye vipimo na foleni.

Hapa ndipo penye utata ambao matangazo huupita haraka. Presbiopia ni kosa la lenzi, na leza haiigusi lenzi. Huchonga konea, ambayo haikuhusika. Mtu asiyeona mbali, mwenye miwani ya -3.00, akifika miaka 48 huvua tu miwani yake akasoma gazeti kwa raha kwenye sentimita 33, jambo ambalo wenzake humwonea wivu. Akichongwa macho yote mawili ili aone mbali, raha hiyo hutoweka. Wapo waliolipa pesa nyingi ili waachane na miwani, na mwezi haujaisha wakaonekana wakipatana bei na machinga wa miwani ya kusomea.

Ili kukwepa hilo, daktari anaweza kupendekeza jicho moja lichongwe kwa ajili ya mbali, la pili liachiwe karibu. Kwa kawaida jicho tawala ndilo hupewa mbali. Hujulikana kwa kutazama msumari ukutani kupitia tundu la viganja na kufumba jicho mojamoja. Ubongo hutakiwa kuchagua picha bila kugombana. Ubongo mwingi hukubali, mwingine hukataa katakata, na hakuna anayeweza kuapa kabla. Kwa hiyo ni busara kujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa jichoni, kwa siku kadhaa za maisha ya kawaida. Kwa mpangilio huu uwezo wa kupima kina cha vitu hupungua: chai humiminwa pembeni ya kikombe, na ngazi ya mwisho hukanyagwa mara mbili ingawa ipo moja. Kumwaga chai wiki ya majaribio ni nafuu kuliko kuimwaga maisha yote.

Wengine leza haiwafai kabisa: wenye konea nyembamba au iliyochongoka, wenye macho makavu sana, wenye namba ya miwani inayobadilika kila mwaka, na wajawazito. Hata kwa wanaofaa, ukavu wa macho baada ya upasuaji ni kawaida, na taa za usiku huweza kuzungukwa na duara za mwanga kwa miezi kadhaa. Dereva wa usiku kati ya Chalinze na Morogoro, anayepishana na malori yaliyowasha taa kali, afikirie hilo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Lenzi nayo haisubiri uamuzi. Huendelea kukakamaa, na baadaye wengi hupata mtoto wa jicho. Hapo lenzi nzima hutolewa na kuwekwa ya bandia, ambayo siku hizi inaweza kuwa ya kuonea mbali na karibu. Baadhi ya wenye miaka hamsini na kitu hushauriwa kuruka leza na kungoja upasuaji huo, au kuufanya mapema. Nguvu ya lenzi ya bandia hukokotolewa kwa kutumia mpindo wa konea, na konea iliyochongwa huchanganya hesabu. Kwa sababu hiyo karatasi ya vipimo vya kabla ya leza hutunzwa pamoja na hati ya kiwanja. Zipo njia za kukadiria bila karatasi hiyo, lakini hakuna daktari aliyewahi kununa kwa kuletewa.