Ombi la Uzamivu

Mdogo wangu, ukiomba uzamivu wa fasihi ya Kiingereza huko Marekani, usiandike kwamba unapenda vitabu tangu utotoni. Hata panya wa maktaba anavipenda. Andika kwamba unavihoji. Mtaje mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye mwaka 1968, pamoja na wenzake, alitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ifutwe. Idara za Kiingereza humpenda sana kwa hilo. Kumsoma Milton si lazima: mtihani wa kujiunga, GRE ya fasihi, uliachwa mwaka 2021. Wasome maprofesa watakaokusoma wewe. Barua tatu za mapendekezo ziombe mapema, kwani Desemba milango hufungwa na wahadhiri huzima simu. Ajira je? Fomu haiulizi, nawe usiulize.