Hotuba Tukufu Kuhusu Robo Mzunguko

Waheshimiwa wawindaji, walenga shabaha, na wenza wenu mliowaburuta hadi hapa, itifaki imezingatiwa. Karibuni katika ukumbi huu mtukufu, ambao siku nyingine zote ni gereji yangu hapa Montana. Nimeombwa nizungumze. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na baada ya kujisihi sana nikakubali.

Mada ni kalibu. Msinong'one huko nyuma. Kalibu ni kile chuma kinachofungwa juu ya presi, ambacho ganda la risasi lililokwisha kupigwa husukumwa ndani yake likarudishiwa umbo, mwili mzima, kabla ya kutiwa fataki, baruti na risasi mpya. Ganda likipigwa hutanuka likajaa chemba ya bunduki. Asiyelirudisha vizuri atakuja kuhangaika na bolti iliyogoma kufunga huku kulungu anamtazama. Haya anayajua hata mtoto wa jirani. Nilimfundisha mimi.

Sasa tuje kwenye janga lenyewe: Robo Mzunguko. Kijikaratasi cha maelekezo humwambia mnunuzi apandishe kishikio cha ganda hadi juu, ateremshe kalibu hadi iguse, kisha aongeze robo mzunguko. Na watu wazima, wenye ndevu na mikopo ya nyumba, wanatii! Hawaulizi robo ya nini. Mimi niliuliza. Hesi za kalibu ni 14 kwa kila inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81, na robo yake ni 0.45. Hapa karatasi yangu imeandikwa "makofi marefu". Tuchukulie yamepigwa.

Najua kuna mjuaji atakayedakia kwamba robo hiyo haiendi yote kwenye bega la ganda, pale mwili unapopungua kuelekea shingoni, kwa kuwa kishikio kimeshagonga kalibu na ziada inamezwa na ulegevu wa presi. Sawa, ndugu, kaa chini. Ubaya ni kwamba bega linarudishwa nyuma hadi mwisho wa uwezo wa kalibu, bila yeyote kuiuliza chemba yako ina kina gani. Kiwanda hakijapata kuiona bunduki yako. Kimetengeneza kalibu itakayomfaa kila mtu, wewe na yule mwenye chemba ya kubana kuliko zote.

Bunduki ya bolti, tuseme ya .30-06, ile risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, inataka bega lirudi nyuma milimita 0.025 hadi 0.05 tu. Chini ya unene wa unywele! Kwa hiyo chukueni ganda lililopigwa katika bunduki yenu wenyewe, si la kuokota uwanjani, mkalipime kutoka kitako hadi begani kwa kalipa yenye kipimio chake. Andikeni. Kisha kalibu ianzie juu, ishuke kidogo kidogo, na kila mara mpime tena.

Hapo mtaona muujiza uliowatia wengi wazimu: ganda linarefuka kwanza. Msipige simu kwa fundi. Mwili unapobanwa, shaba inakimbilia mbele, na bega linasogea nayo. Endeleeni kuteremsha, bega litakutana na kalibu na kuanza kurudi. Kuanzia hapo, nyuzi 10 za duara zinatosha kuleta ile 0.05. Nyuzi 10! Ni kule kuigusa kalibu kwa kidole gumba na kujuta mapema. Kipimo kikikubali, kazeni nati ya kufungia, na mkono uondoke.

Kuhusu mafuta ya kulainisha sitasema mengi. Yakipungua, ganda linanasa ndani ya kalibu. Yakizidi, bega linabonyea. Mtaona pale kwenye rafu kalibu yenye ganda lililokwama. Ganda hilo lilikuwa na tabia mbaya tangu dukani.

Mnauliza, na kama nikilirudisha bega kupita kiasi? Ganda litakuwa na nafasi ya kucheza ndani ya chemba. Kila likipigwa litavutika, tena pale pale juu kidogo ya kitako, ukuta uzidi kuwa mwembamba. Siku moja kitatokea kijimviringo kinachong'aa. Chukueni waya mwembamba uliopindwa ncha, upapase ukuta kwa ndani. Ukikwama kwenye mfereji, tupeni ganda. Lisipotupwa, litakatika vipande viwili likiwa ndani ya bunduki, na gesi ya moto itatafuta pa kutokea, karibu sana na uso wako.

Anayetaka kubaki na robo mzunguko wake abaki nao, ila uwanjani asisimame karibu nami. Maswali nitayapokea kwa maandishi. Viti ni vya kanisa. Tafadhali virudishwe kabla ya saa kumi.