Ringi za Mwaliko na Gavana wa Nyumbani

Wewe uliyeoa, sogea tukae. Wewe ambaye bado, sikiliza tu, siku yako inakuja.

Bibi yangu, Mama Masika, hawezi kuiona karatasi nzuri akaiacha salama. Kalenda za mwaka jana, maboksi ya viatu, bahasha za mialiko ya watu wengine: vyote huingia chini ya kitanda chetu vikingoja kuzaliwa upya, viwe daftari au maua ya mezani. Upande wangu wa kitanda umeinuka kuliko wake, na sidhani kosa ni la godoro.

Basi mpwa wake wa Beni akaposwa. Wazee wakaketi, mbuzi wa mahari wakatajwa. Kwetu Wanande harusi bila mbuzi haijaanza, ingawa siku hizi mbuzi wengi hufika wamekunjwa ndani ya bahasha, wana sura ya rais wa Marekani na hawali majani. Ilipobaki mialiko, mimi nikasema kwa upole kwamba mjini Butembo kuna wapiga chapa chungu nzima. Unapeleka majina asubuhi, jioni unachukua kadi zako. Nilisema nikiwa nimeshavaa viatu, tayari kutumwa, maana nimeishi na mama huyu muda wa kutosha.

“Papa Masika,” akasema, “mtoto wa dada yangu hataolewa kwa fotokopi.”

Alichotaka ni hiki: kila mwaliko uwe karatasi mbili ngumu za bristoli, zishikwe juu kwa ringi mbili ndogo za chuma, ndani ya ringi upite utepe wa waridi, utepe ufungwe. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kifaa cha kubania ringi hizo, na kiwe rahisi, mtu asihitaji kusomea ufundi.

Shemeji yangu alilidaka neno kabla sijafika mlangoni. Huyu tunamwita Guangzhou. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa kwenda China na Dubai kama wengine wanavyokwenda shamba, mizigo yao ikishuka Mombasa, ikipita Kampala, ikiingilia mpaka wa Kasindi. Shemeji yeye amefika Kampala tu. Lakini ukimsikia anavyoeleza hoteli za Guangzhou, unaweza kumwomba funguo. “Ringi? Niachieni mimi,” akasema. Akarudi na mfuko mzito wa ringi na vyuma vya kubania, vyote alivyonunua kwa mafundi wa maturubai. Ringi zenyewe, kidole changu cha shahada kilipita bila kugusa ukingo. Mama Masika akajaribu moja juu ya bristoli. Mwaliko ukawa kama turubai la lori la Kasindi lililokatwa pembe.

Guangzhou hakutikisika. Alisema huo ndio mtindo unaokuja.

Nikaenda kenkayeri, duka la vyuma, nikapata seti ndogo ya nyundo. Kama hujawahi kuiona, ni vipande vitatu: chuma cha kutobolea, kitako chenye kijishimo, na kijiti kifupi chenye ncha ya duara. Unatoboa karatasi, unapitisha ringi ili uso wake mzuri utazame chini kwenye kitako, kisha shingo yake iliyochomoza upande wa nyuma unaipiga kwa kile kijiti mpaka ipasuke kidogo, ijikunje na kuishika karatasi. Bei yake ndogo, na inadumu. Mafundi wengi hawana nyingine, na kazi yao inapendeza.

Ila seti hiyo inataka mahali pagumu, na meza yetu ina mguu mmoja mlevi. Bibi yangu akahamia sakafuni barazani. Tena inataka mchana, na mchana ana wanafunzi wake na soko. Akaanza kazi usiku, watoto wamelala. Ko! Ko! Ko!

Sijui kwenu, lakini kwetu wezi wakiingia mtaani watu huitana kwa sufuria na filimbi. Anayesikia anapiga yake, na wa pili anampokea. Jirani wa juu alisikia ko-ko-ko yetu akadhani ni sufuria ya mwenye shida. Akachukua yake. Mtaa wa chini ukajibu. Muda si mrefu mlima mzima ulikuwa unalia mabati na vifuniko, na vijana wenye fimbo walikuwa langoni kwangu wakiuliza wezi wamepita wapi. Mama Masika alitoka na nyundo mkononi, utepe wa waridi shingoni, akawaonyesha mwaliko. Mmoja wao akauliza kama na yeye amealikwa.

Asubuhi yake Gavana alitoa tamko. Gavana ni mama mkwe. Jimbo letu la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Nyumba yangu ilitangulia. “Nyundo haitalia tena hapa baada ya jua kuzama,” alisema, na suala likafungwa.

Nikapelekwa kwa fundi viatu, pale pembeni ya soko. Ana mashine ya mkono iliyofungwa kwenye ubao: unaweka ringi, unashusha mpini, kwisha. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyeniuliza kenkayeri. Karatasi zako zikishikana zina unene gani? Kwa sababu ringi yenye shingo ndefu kwenye karatasi nyembamba inajikunja vibaya, na yenye shingo fupi kwenye karatasi nene haishiki, inatoka na utepe wake. Tundu umetoboa kwa kipimo cha ringi, au kwa macho? Tundu likizidi, ringi inazama. Akanionya nisichukue zile za chuma kigumu za mabegi, bali za alumini, kwa kuwa ni laini na haziutesi mkono. Na mara zote nijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupwa chenye unene uleule. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza padri, isipokuwa huyu sikusinzia.

Shida ilikuwa vidole vyake. Rangi nyeusi ya viatu imeingia mpaka kwenye kucha, na bristoli yetu ni nyeupe. Kadi za mfano zilirudi na alama za gumba, ungedhani ni za polisi. Gavana akazitazama, kisha akaitazama ndoo yake. Ndoo hiyo yenye bomba tulibaki nayo tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, wakati Beni na Butembo hukuvuka kizingiti cha mtu bila kunawa. Ebola ilitangazwa kwisha Juni 2020, lakini Gavana hakusaini tangazo hilo. Tangu siku ile ya kadi za fundi, yeyote anayegusa mwaliko ananawa kwanza, hata Guangzhou, ambaye alilalamika kwamba China mambo hayafanyiki hivi.

Hapo katikati ilipita pensi, yaani koleo, ile yenye kutoboa upande mmoja na kubania upande wa pili. Haina kelele. Lakini mdomo wake mfupi, unafika vidole viwili tu kutoka ukingoni, na mpini wake ni mfupi vilevile, kwa hiyo nguvu yote inatoka kwenye kiganja. Bibi yangu ana dole gumba linalomuuma tangu zamani. Alibana kadi chache, akaniita. Nilibana mimi. Yeye akaketi akinielekeza, jambo ambalo halikuliumiza dole gumba hata kidogo.

Aliyetuokoa ni binamu yake wa Kampala. Alimpa mfanyabiashara mmoja kifurushi, kikapitia Kasindi kati ya vitenge na vipuri vya pikipiki: Crop-A-Dile, chombo cha kampuni ya Marekani iliyoitwa We R Memory Keepers, kinachopendwa na watu wa kazi za karatasi. Mipini yake mirefu, ndiyo maana hata mkono mchovu unaweza. Kinatoboa matundu ya milimita 3 na ya karibu 5, kisha unageuza kitako chake upate kipimo cha ringi yako, unabana. Hakilii wala hakitaki meza. Mdomo wake nao hauendi mbali, ni kama sentimita mbili na nusu, basi Mama Masika akasogeza ringi zikakaa karibu na ukingo, akadai ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Sikupinga. Nilikuwa nanawa mikono.

Kikabaki kizungumkuti cha majina. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukialika ukoo mzima una Kambale wa kujaza basi. Bibi yangu akawaandika kwa penseli nyuma ya kadi: Kambale wa Kahawa, Kambale Anayedaiwa, Kambale Mrefu wa Oicha. Hakuna aliyekumbuka kufuta. Kambale Anayedaiwa alipokea mwaliko wake mzuri, ringi mbili, utepe wa waridi, na hadi leo hanisalimu mimi.

Tatizo la kifaa rahisi ni kwamba ni rahisi kwa kila mtu. Kijana wetu mdogo, tunayemwita Bwana Kwa Nini, alikigundua tukiwa kanisani. Alitoboa mkanda wangu, majani ya mgomba, ripoti yake ya shule mahali penye alama ya hesabu, na kadi yangu ya mpiga kura, ambayo hapa Kongo ndiyo kitambulisho chetu. Na hakutoboa tu: akatia ringi, akabana vizuri kabisa, akapitisha utepe. Tundu lilipita kwenye sikio langu la kushoto, pale pichani. Gavana alikagua kazi, akasema ringi imekaa sawa kuliko zangu.

Siku ya harusi tukapakia watoto na sufuria za kuazima, tukashika barabara ya Beni, kilomita 54. Kwenye kizuizi askari akaomba vitambulisho. Nikampa changu, utepe wa waridi ukining'inia. Akaigeuza kadi. Akaiinua kwenye mwanga, akanitazama kupitia sikio langu.

“Hii ni nini, muzee?”

Kabla sijafungua mdomo, Mama Masika aliinama dirishani. “Ni ya kuvaa shingoni, isipotee. Wanaume wanapoteza vitu.”

Askari akafikiri. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa yake, imekunjamana pembe zote.

“Mama, mashine munayo hapa?”

Alikuwa nayo, ndani ya mkoba, chini ya zawadi ya bibi harusi. Magari yakapanga foleni nyuma yetu, na Gavana akashuka na ndoo.